Haja ya Filta

Kwenye duka langu la spea hapa Ukunda, mtu akija kutafuta filta ya hewa hanikalishi sana. Ananitajia aina ya gari na mwaka wake, au ananiwekea ile kuukuu juu ya kaunta. Mimi nainua macho kwenye rafu, naishusha inayolingana nayo, nazilaza moja juu ya nyingine aone kwamba hazizidiani, analipa, anakwenda zake. Wateja wangu wote wananunua hivyo. Mmoja tu hakununua hivyo, na huyo ndiye ninayetaka kueleza habari zake, kwa sababu haji tena na pale alipokuwa akisimama napatazama kila siku.

Tulimwita Mzee wa Maji. Alikuwa na pikapu nyeupe iliyogeuka rangi ya udongo, na nyuma yake tangi la plastiki lililofungwa kwa kamba. Alikuwa akijaza maji kwao Mkongani na kuyapeleka huko nyuma ya Kinango, kwenye vijiji ambavyo mfereji ukikauka watu hufuata maji mbali na madumu kichwani. Mke wake alikuwa amekwisha kufa. Mtoto alikuwa na mmoja tu, binti anayefanya kazi ya dobi katika hoteli moja ya Galu, na huyo binti alikuwa akimtaka auze pikapu ahamie kwake. "Anangoja kisa kimoja tu, mwanangu," aliniambia. "Nikipata kisa kimoja na gari hili, nakwenda kukalishwa." Kwa hiyo pikapu ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa katika nyumba tupu na kumpeleka kwa watu. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwa nini nilimvumilia, maana kwa kawaida mimi si mvumilivu, na Ukunda nzima inajua.

Sasa kuchagua kwake. Pikapu ile inachukua filta ya namna moja, bapa, ya pembe nne, yenye mpira pembeni. Mimi huwa naziweka za makampuni matatu hivi, na mwenye akili zake anachukua ya katikati, isiyo ghali wala ya ovyo. Mzee wa Maji alitaka zote zishushwe. Akizitoa maboksini moja moja, akiinua kila moja juani kule mlangoni atazame mwanga unavyopenya kwenye karatasi, akibonyeza mpira kwa kidole gumba kuona kama unarudi. Halafu alinusa. Nilimuuliza siku moja ananusa nini, akasema karatasi njema ina harufu ya daftari jipya na karatasi mbovu ina harufu ya gundi. Nilipofunga duka nilizinusa zote tatu, na zote zilinuka gundi.

Usidhani basi kwamba alikuwa bingwa. Kuchagua kwake kulikuwa kwingi na ujuzi wake kidogo. Siku zake za mwanzo na pikapu, kama alivyosimulia mwenyewe huku akijicheka, aliifua filta ya karatasi kwa sabuni ya unga na kuianika kambani pamoja na kanzu. Yeye, aliyekuwa akigomba mtu akimwaga hata kikombe cha maji! Karatasi ikakunjamana, vumbi likapita, na injini ikaanza kunywa oili. Tangu hapo akawa anachagua kwa makini kupita kiasi, kisha anaiacha filta ndani ya gari mpaka inageuka tofali. Nikimwambia amechelewa kuibadilisha ananiambia bado inapumua.

Na kulikuwa na lile la leso. Pikapu ilikuwa ikipoteza nguvu mlimani, wakati mwingine inazima kabisa, na tangi likijaa haipandi. Fundi aliyepanga karakana iliyopakana na duka langu, kijana wa bara mwenye maneno mengi, alifungua boksi la filta na kuchomoa kitambaa. Mzee alikuwa ameizungushia filta kipande cha leso, kanga ya mwanamke, akakishona vizuri pembeni, ili vumbi likamatwe mara mbili.

"Aki mzee, gari imekabwa shingo!" fundi akasema, anacheka mpaka anajishika kiuno. "Umeifunga buibui."

Mzee hakucheka. Alikichukua kile kitambaa, akakikung'uta, akakikunja na kukitia mfukoni. Baadaye fundi alipokwenda kunawa, aliniambia kwamba marehemu mkewe alikuwa akienda naye safari za Kinango, na gari zikipishana alikuwa akimfunika pua kwa ncha ya leso yake ili mikono ya mume isitoke kwenye usukani. Leso ya marehemu ilikuwa imebaki sandukuni. Ameona itumike. Nikamwambia karatasi peke yake inatosha, naye akaitikia kwa kichwa.

Maduka ya spea yako Kwale mjini pia, njiani kwake, na filta ni zile zile. Yeye alikuwa akiyapita yote na kuteremka mpaka kwangu. Fundi alikuwa akiniuliza kila mara kwa nini, na mimi nilikuwa nikimjibu kwamba nina bei nzuri. Sina bei nzuri. Fundi naye alikuwa hamalizi utani. "Mathe, huyu guka anachagua filta ama anachagua bibi?" alikuwa akisema kwa sauti, guka kwao ni babu, na Mzee alikuwa akimjibu bila kugeuka: "Bibi nilimchagua upesi kuliko hii, na sikujuta."

Maamkizi yake peke yake yalikuwa kazi. Mimi namwamkia shikamoo, yeye anaitikia marahaba, kisha anaanza: habari za asubuhi, habari za nyumbani, habari za mwili, biashara inakwendaje, jirani yule aliyekuwa akiumwa mguu amepona? Wateja wengine wamesimama nyuma yake wanahema. Filta haitajwi mpaka habari zote ziishe. Nilikuwa nikikunja uso, lakini asiyenijua vizuri ndiye ambaye angedhani nimeudhika. Nilikuwa nikizifurahia zile habari. Hakuna mwingine aliyekuwa akiniuliza habari za mwili.

Maana mimi nami ni mjane. Duka hili lilikuwa la mume wangu, na yeye ndiye aliyemzoea Mzee kwanza. Alipofariki nilikaa eda, na shemeji yangu akashika duka. Niliambiwa baadaye kwamba katika muda ule wote Mzee wa Maji hakununua kitu. Alikuwa akifika, anasimama mlangoni, anamtuma shemeji aniletee salamu ndani, kisha anarudi Mkongani. Siku niliyoshika kaunta mwenyewe, sijazoea hata droo ya chenji iko wapi, akatokea na filta yake kuukuu ndani ya gazeti. Akaamkia, akataka zote zishushwe, akanusa. Nilikuwa nimekwisha kupewa pole nyingi hata nimechoka nazo, na nikawa nangoja yake. Hakuitoa. Alipomaliza kuchagua akasema:

"Mume wako alikuwa akinipa mbovu makusudi."

"Astaghfirullah, Baba! Marehemu unamsema hivyo?"

"Makusudi kabisa. Ili nirudi upesi. Nilikuwa nikijua, na yeye alikuwa akijua kwamba najua. Mwenyezi Mungu amsamehe, alikuwa akipenda mazungumzo."

Nililia pale pale, mbele ya mteja, jambo ambalo sikulifanya hata msibani. Mzee aligeuka akatazama barabarani mpaka nikamaliza, kisha akalipa.

Kuhusu mambo yake mwenyewe hakuwa msemaji. Ungempa saa nzima angekueleza vumbi: la njia ya Mkongani ni zito na linatua, la kule ndani, nyuma ya Kinango, ni jepesi mno, linaingia hata kwenye saa ya mkononi, na Galu kwa bintiye kuna chumvi tu na mchanga usioruka. Lakini ukimuuliza usiku anakula nini, alikuwa akisema "riziki haikosi" na kuuliza bei ya plagi. Nilikuja kujua kwa njia nyingine, kupitia mama mmoja wa Mkongani aliyekuwa akileta mihogo sokoni, kwamba alikuwa akipika mara moja kwa siku na kula amesimama, jikoni, kwa sababu kukaa mkekani peke yake kulikuwa kukimshinda.

Huyo mama ndiye aliyenieleza pia jinsi alivyokuwa akiendesha. Akiona mtu kwa miguu alikuwa akipunguza mwendo mpaka gari linakaribia kusimama, ili asimtimulie vumbi. Watoto wa shule, mama mwenye dumu, mchungaji na mbuzi wake, wote alikuwa akiwapitia polepole na kuwasalimu mmoja mmoja. Madereva wengine walikuwa wakimpigia honi na kumtukana. Watu wa kule ndani walimpenda kwa hilo kama walivyompenda kwa maji yake, na alipozidi kuwa mzito barabarani, hakuna aliyeona jambo. Walisema ni adabu yake imeongezeka kwa uzee.

Nami sikuona. Nilimwona anaegesha pikapu gurudumu moja ndani ya mtaro, nikamlaumu aliyeuchimba mtaro. Nilimwona anashika filta karibu zaidi na uso, nikadhani amezidisha kunusa.

Kisha asubuhi moja akaja, na haikuwa imepita muda mrefu tangu anunue filta. Nilishangaa kidogo, kwa sababu yeye ni wa kuchelewa. Nikajiambia upweke umemzidi, na nikafurahi, maana hata mimi siku hizo nilikuwa na hali hiyo hiyo. Tukaamkiana yote mpaka mwisho. Akaweka bunda lake la gazeti juu ya kaunta.

"Hii imekwisha kabisa, mwanangu. Gari linakohoa."

Nikafungua. Ndani mlikuwa na filta nyeupe, safi, mpira wake haujapata hata alama ya kubanwa. Ilikuwa ile ile niliyomuuzia mara iliyopita. Nilitoka nje, nikamwita fundi afungue boneti, tukakuta ndani ile kuukuu, nyeusi, imejaa udongo na manyoya ya kuku. Alikuwa ameitoa, akaiweka chini pamoja na mpya, kisha akarudisha chafu na kuifunga safi gazetini. Fundi alifungua mdomo aseme kitu cha kuchekesha. Aliponitazama akaufunga.

Nilirudi kaunta. Mzee alikuwa amesimama ananitazama, na ndipo nilipoona kwamba hanitazami mimi. Alikuwa akitazama kando kidogo ya uso wangu, kwenye kalenda.

Nitasema kweli yale yaliyonipitia. Ningeweza kunyamaza. Ningemwambia fundi amfungie ile safi, mzee aondoke anashukuru, na mwezi unaofuata angekuja tena, na tena, nasi tungeshusha maboksi na kuzungumza. Hakuna ambaye angejua. Nilimtaka aendelee kuja kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, na nilijua nikisema neno moja pikapu inakwenda, yeye anakwenda Galu, na mimi nabaki na fundi na kelele za kompresa yake. Lakini niliwaona pia wale watoto wa shule kwenye njia ya kule ndani, wale ambao siku zote wamejua kwamba likija gari la Mzee wa Maji hawana haja ya kuruka kando.

"Baba," nikasema, "hii ni mpya."

"Umekosea. Itazame vizuri."

"Ni mpya, Baba. Chafu umeirudisha garini."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa. Nikauchukua mkono wake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikaupitisha kwenye mikunjo ya karatasi. Vidole vilikwenda mpaka mwisho na kurudi. Vikasimama kwenye mpira. Pale karakana fundi alikuwa amezima mashine, sijui kwa bahati au kwa makusudi.

"Lini?" nikamuuliza.

"Jicho la kushoto ni zamani. Hili la kulia lilikuwa likinitosha."

"Hospitali umekwenda?"

"Nimekwenda Msambweni. Ni presha ya macho. Wameniambia kilichopotea hakirudi, wamenipa dawa ya kutia ili kilichobaki kibaki." Akaisukuma filta kando. "Usimwambie binti yangu."

"Simwambii. Utamwambia mwenyewe. Lakini leo hutaliendesha gari hili kutoka hapa, Baba. Nitakaa mbele ya gurudumu."

Nilidhani atakasirika, na afadhali angekasirika. Alitoa ufunguo mfukoni akauweka juu ya kaunta, taratibu, akautafutia mahali pasipo na kitu. Kisha akaomba kiti. Miaka yote ile hakuwahi kuketi dukani kwangu. Alikaa hapo mpaka binti yake, aliyepigiwa simu aje tu, alipotoka kazini akaja kutoka Galu na sare yake ya dobi, na alipouliza kuna nini, Mzee akasema: "Nimechoka kuendesha. Liuze." Binti alinitazama mimi apate sababu. Nilijifanya napanga plagi.

Pikapu ilinunuliwa na mtu wa Lungalunga, na sijaiona tena. Kule ndani watu hawakukosa maji. Sasa linakwenda lori lenye tangi kubwa, linajaza madumu ya kijiji kizima kwa mara moja na kuondoka, na mama wa mihogo anasema dereva wake ni mwema lakini hana nafasi ya kusalimu. Fundi alinichekesha kwa siku kadhaa, kisha naye akachoka. Watu wakaendelea kuja na filta zao kuukuu, nikazilaza moja juu ya nyingine, wakalipa.

Nilichelewa kwenda kumwona. Kila Ijumaa nikifunga duka kwa ajili ya sala nilikuwa najiambia leo, na kila Ijumaa napata sababu. Niliogopa kumkuta ananilaumu. Hatimaye nikanunua halua, nikaenda Galu, nikaulizia nyumba za kupanga zilizo nyuma ya mahoteli. Binti alikuwa kazini, wajukuu shule. Nilimkuta peke yake uani, kwenye kiti cha plastiki, kanzu safi kuliko nilivyowahi kumwona nayo, mikono magotini. Redio ya jirani ilikuwa ikisema kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikisikiliza.

"Hodi. Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Aliijua sauti yangu, niliona usoni. Nikangoja habari za asubuhi, habari za nyumbani, habari za mwili. Hazikuja. Akasema: "Umekuja na haja gani?"

"Nimekuja kukujulia hali."

"Hali yangu njema. Umeijua."

Nilibaki nimesimama na halua yangu. Akajisogeza kitini.

"Wanakuja wengi kunijulia hali," akasema. "Wanasimama hapo hapo uliposimama. Wanasema pole, wanasema Mungu ni mkubwa, na mimi nasikia viatu vyao vimekwisha kugeukia mlango. Mimi sikusimama mbele yako hata siku moja kukujulia hali. Ulipofiwa sikukuletea pole mkononi kama sahani. Nilikuja na haja."

"Haja ya filta."

"Haja ya filta," akasema, wala hakutabasamu. "Kama huna haja, mwanangu, usijisumbue. Njia ni mbali na duka lako linakungoja."

Ningeweza kuondoka. Halua ningeiacha kwa jirani, nami nimetimiza wajibu. Nikatafuta haja yoyote ya kumwambia, swali la gari, la mteja, uongo wowote mzuri, na nikaona kwamba angeunusa.

"Ninayo haja," nikasema. "Tangu ulipoacha kuja, Baba, nafungua duka na kulifunga sijasema neno ila bei na saizi. Nyumbani nako hakuna hata bei wala saizi. Sina mtu wa kuzungumza naye. Hiyo ndiyo haja iliyonileta, na sijawahi kumwambia mtu."

Aliinama, mkono wake ukapapasa chini kando ya kiti, ukapata kigoda cha wajukuu, akakivuta mpaka mbele yake na kukifuta kwa kiganja.

"Hiyo ni haja," akasema. "Kaa. Sema."

Nikakaa, magoti karibu yafike kidevuni. Mimi ninayejulikana Ukunda nzima kwa ulimi wangu nikakosa pa kuanzia, naye akaningoja.